17,296: Namba Yenye Rafiki



Ndugu msomaji, namba 17,296 ina rafiki yake, nayo ni 18,416. Urafiki huu ni wa hesabu, na unaweza kuuhakiki mwenyewe.

Chukua vigawo vyote vya 18,416, yaani namba zinazoigawa bila kubakiza kitu, uiache yenyewe: 1, 2, 4, 8, 16, 1,151, 2,302, 4,604 na 9,208. Zijumlishe, utapata 17,296. Kisha jumlisha vigawo 19 vya 17,296, nayo ukiiacha yenyewe. Utapata 18,416.

Wagiriki wa kale walijua jozi moja tu ya namza rafiki: 220 na 284. Kanuni ya kutafuta nyingine ilitolewa na Thabit ibn Qurra, aliyefariki Baghdad mwaka 901. Thabit hakuwa Muislamu, alikuwa Msabii wa Harran, na uadilifu unatutaka tuseme hivyo. Elimu yake ilipokelewa na kuendelezwa na Waislamu.

Tuifuate kanuni yake. Chukua 16, ambayo ni 2 × 2 × 2 × 2. Nusu yake ni 8. Sasa tafuta namba tatu:

3 × 8 − 1 = 23
3 × 16 − 1 = 47
9 × 8 × 16 − 1 = 1,151

Sharti ni kwamba zote tatu ziwe namba tasa, na hizi ni tasa. Basi 16 × 23 × 47 ni 17,296, na 16 × 1,151 ni 18,416.

Ukianza na 8 badala ya 16, utapata 11, 23 na 287. Lakini 287 ni 7 × 41, si tasa, kwa hiyo jozi haipatikani. Ni kama tulivyosoma katika fiqhi: sharti moja likikosekana, jambo halisihi.

Mwanzoni mwa karne ya 14, Kamal al-Din al-Farisi wa Uajemi aliithibitisha kanuni hiyo kwa njia mpya na kuitaja jozi hii. Huko Ufaransa, Fermat aliitaja mwaka 1636.

Hata hivyo, wapo walioziandika 220 na 284 kwenye talasimu za mapenzi. Ibn Khaldun analitaja jambo hilo katika Muqaddima, anapozungumzia uchawi. Na leo bado wapo wanaowauzia wanafunzi karatasi zenye miraba ya namba, eti wafaulu mitihani au wapendwe. Wanazuoni wamekhitalifiana kuhusu hirizi yenye aya za Qur'ani tupu. Ama kuamini kwamba namba yenyewe inaleta nafuu au kuondoa madhara, hilo linagusa tauhidi.

Ndugu yangu, pima kwa jambo moja. Muuza hirizi hukukataza kuifungua. Thabit na al-Farisi wanakutaka ufungue, uhesabu, uone mwenyewe. Kabla hujatoa pesa yako ya chakula, jiulize ni ipi kati ya hizo mbili ndiyo elimu.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.