SOMO: KUTAMBUA VIWAVI WANAOFANANA KATIKA MAHINDI

Nondo wa kijivu wanaozunguka taa usiku hawamwelezi mkulima jambo kubwa. Nondo wa kiwavijeshi wa Afrika na yule wa kiwavijeshi vamizi hufanana mno. Dume la vamizi lina baka jeupe karibu na ncha ya bawa la mbele, nalo hufutika likishikwashikwa. Kwa hiyo katibu wa chama asiagize dawa kwa kuletewa nondo. Shamba litazamwe kwanza.

Kiwavijeshi vamizi asili yake ni Amerika. Alionekana Afrika mwaka 2016, na Tanzania mwaka 2017. Bahari si kizuizi kwake: nondo wake aweza kuruka kiasi cha kilomita 100 kwa usiku mmoja, na kutoka bara hadi Pemba ni kiasi cha kilomita 50 tu. Kiwavi wake ana mstari mweupe kichwani, mfano wa Y iliyopinduliwa. Wengi huishia hapo, nao hukosea, maana ndugu yake wa Afrika naye huwa na alama ya namna hiyo. Alama ya kutegemewa iko karibu na mkia: madoa manne meusi yaliyopangwa mraba. Hujificha katika moyo wa mche, akaacha majani yaliyotoboka na kinyesi kama vumbi la msumeno.

Kiwavijeshi wa Afrika hutokea mwanzoni mwa mvua, kwa makundi, mgongo ukiwa mweusi. Hula majani mchana kweupe, hasa ya jamii ya nyasi: mahindi, mtama, mpunga na malisho. Kunde za jirani huachwa. Lakini wakiwa wachache huwa na rangi ya kijani au kahawia, na hata mkulima mzoefu huwadhania vamizi. Mkia ndio utazamwe.

Wa tatu ni bungua, yaani funza wa mabua. Hutafuna majani machanga siku chache, kisha hutoboa bua na kuishi ndani. Jani la katikati hunyauka, na likivutwa hung'oka lote.

Tofauti hizo ni fedha za wanachama. Viwavijeshi wa Afrika wako wazi, na dawa huwapata wakiwa wadogo. Kwa vamizi, dawa lazima ifike moyo wa mche, asubuhi mapema au jioni. Bungua aliyekwisha kuingia buani hafikiwi na dawa ya kunyunyizia majani. Dawa humalizika, deni la mkopo likabaki. Dawa yake ni kuondoa mabua makavu kabla ya kupanda tena.

Katika vishamba vidogo vya maweni, mayai ya vamizi, 100 hadi 200 kwa fungu na kufunikwa manyoya, yaweza kupondwa kwa vidole.

Kila wiki ikaguliwe miche 10 katika sehemu 5 za shamba. Katibu aandike tarehe, idadi ya miche iliyoliwa na umri wa mahindi, na viwavi wachache wawekwe katika chupa ya spiriti, wapelekwe kwa bwana shamba kabla dawa haijaagizwa.