Somo: Dirisha la Johari

Mwaka 1955 Wamarekani wawili, Joseph Luft na Harry Ingham, walichora dirisha lenye vioo vinne. Jina walilitoa kwenye majina yao wenyewe, Joseph na Harry. Siyo ile johari yetu, kito, ingawa imefaa.

Kioo cha kwanza ni yale ninayoyajua mimi na wenzangu. Cha pili, nayajua mimi tu, nimeyaficha. Cha tatu, hakuna ayajuaye bado. Shida iko kwenye cha nne: wenzangu wanayaona, mimi siyaoni.

Tuseme mweka hazina wa kikundi hapa Ngong huchelewa kuleta daftari. Yeye anajiona hodari, maana hesabu zake hazina kosa. Wanachama wananung'unika njiani wakitoka sokoni, mkutanoni, kimya! Sasa atajuaje?

Mwambieni akiwepo, na mtaje jambo lenyewe: "Mama, mara mbili daftari limekuja mkutano umekwisha, tukashindwa kutoa mikopo." Msimwambie ati ni mvivu. Naye asikilize mpaka mwisho kabla ya kujitetea. Hapo ndipo pagumu, jamani.

Zoezi: Kaeni wawili wawili. Kila mmoja aeleze kwanza anavyoiona kazi yake mwenyewe, kisha mwenzake aongeze jema moja na moja la kurekebisha. Mwenyekiti aanze yeye.