Penseli ya Kuzungusha Vidoleni: Hukumu Yake na Namna ya Kuichagua

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Somo letu safari hii ni dogo kwa umbo, maana linakaa baina ya vidole. Ni ule mchezo wa kuzungusha kalamu au penseli mkononi, ambao kwetu Busia na Tororo utaukuta karibu katika kila darasa. Mimi pia huucheza. Wenzangu wameniuliza maswali mawili: penseli gani inafaa, na je, mchezo wenyewe unafaa? Nitaanza na la pili, kwa sababu ndilo linalotuongoza kwenye jibu la kwanza.

Mchezo wenyewe

Mtindo wa mwanzo ni huu. Unashika penseli kwa kidole gumba, cha shahada na cha kati. Kidole cha kati kinaisukuma, inazunguka juu ya gumba mara moja, kisha unaidaka. Wanafunzi wa Japani waliucheza kabla ya zama za intaneti, na tangu miaka ya 1990 wachezaji wa nchi mbalimbali wamekuwa wakipeana mitindo mtandaoni.

Wengi wetu tunatumia penseli ya kubonyeza, ile isiyochongwa: ukibonyeza kitako chake, kijiti chembamba cheusi kinatoka. Si kitu kipya. Sampson Mordan na John Isaac Hawkins waliisajili penseli ya namna hiyo Uingereza mwaka 1822.

Hukumu yake

Wanazuoni wengi wanasema asili ya mambo ya kawaida ni uhalali mpaka ipatikane dalili ya kukataza. Na mchezo si kitu kigeni katika dini yetu. Bukhari na Muslim wamepokea kuwa Wahabeshi walicheza na mikuki yao msikitini siku ya Idi, na Mtume (s.a.w.) akamsitiri Bi Aisha (r.a.) huku akiwatazama mpaka akatosheka. Kwa hiyo mchezo wetu ni mubaha. Lakini mubaha huweza kugeuka makuruhu au haramu kwa kinachoandamana nao. Hapa zipo hadithi tatu kuhusu vitu vidogo vinavyoshikwa mkononi, nazo zinatutosha.

Ya kwanza ni ya kurusha kijiwe kwa vidole. Abdullah bin Mughaffal (r.a.) alimwona mtu wa jamaa zake akifanya hivyo, akamweleza kuwa Mtume (s.a.w.) amekataza, kwa kuwa kijiwe hicho hakiwindi mnyama wala hakimshindi adui, bali huvunja jino na kupofua jicho. Imepokewa na Bukhari na Muslim.

Ya pili ni ya mishale. Anayepita nayo msikitini au sokoni ameamrishwa azishike ncha zake, asije akamjeruhi Mwislamu. Hii nayo imo katika Bukhari na Muslim.

Ya tatu ni ya Ijumaa. Sakafu ya msikiti wa Mtume ilikuwa na changarawe, na Muslim amepokea kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.) kuwa anayezichezea wakati wa hotuba amefanya upuuzi. Zingatia kwamba hadithi hiyo hiyo imeanza kwa kumbashiria msamaha wa dhambi yule anayekuja, akasikiliza na kunyamaza.

Basi tumepata mizani mitatu: jicho la jirani, ncha ya chombo, na moyo unaosikiliza. Sasa twende dukani.

Namna ya kuchagua

1. Anza na ncha. Baadhi ya penseli za kubonyeza zina mrija mwembamba wa chuma mdomoni. Nyingine mrija huo unarudi ndani, nyingine umesimama nje daima. Chukua inayorudi ndani, au yenye mdomo butu wa plastiki. Likizo iliyopita, katika darasa la marudio, niliona penseli ikimtoka kijana mmoja na kumchoma mwenzake chini ya jicho, pengo likiwa upana wa kidole tu. Alhamdulillahi, limebaki kovu dogo. Mdomo wa penseli ile ulikuwa wa chuma, nao ulikuwa nje. Aliyesoma hadithi ya mishale hahitaji maelezo zaidi: kabla ya kuzungusha, rudisha ncha ndani.

2. Pima uzito wake. Ilaze penseli juu ya kidole kimoja, uisogeze mpaka itulie bila kuanguka. Hapo ndipo kitovu cha uzito. Kikiwa karibu na katikati, penseli itazunguka vizuri. Fikiria mzegazega: mti mmoja begani, ndoo mbili. Ndoo moja ikiwa tupu, mbebaji anayumba. Penseli nyingi za kuchorea ramani zina chuma upande wa mdomo, kwa hiyo ni nzuri kwa kuandika na ngumu kwa kuzungusha.

3. Tazama urefu. Penseli ya mbao iliyo mpya huwa na karibu sentimita 19, na ya kubonyeza mara nyingi huwa karibu 14. Fupi huzunguka haraka ikakutoroka. Ndefu huenda taratibu, jicho likaifuata. Anayejifunza aanze na penseli ya mbao ambayo haijachongwa. Haina ncha, bei yake ni ndogo, na ikianguka hakuna kinachoharibika.

4. Angalia mwili wake. Kishikizo cha mfukoni hugonga vidole, basi tafuta kinachotoka bila kuvunja kitu. Mpira wa kushikia husaidia penseli isiteleze, lakini ukiwa mzito upande mmoja unaharibu mizani.

5. Sikiliza sauti. Itikise karibu na sikio. Vile vijiti vya akiba vilivyomo ndani hulia kama njuga. Acha kimoja tu, vingine viweke katika kasha lake. Aliyekaa karibu nawe ana haki ya kumsikia mwalimu.

6. Kumbuka kazi yake. Penseli ni ya kuandikia kwanza. Kijiti cha milimita 0.5 ni kizuri kwa harakati za Kiarabu, fat-ha na kasra zikae mahali pake, lakini penseli ikianguka hukatika upesi. Mimi hutumia cha 0.7: kinavumilia, na maandishi bado yanasomeka.

7. Jua bei. Busia yetu ina pande mbili na fedha mbili. Uliza bei upande wa Kenya na upande wa Uganda, ubadilishe hesabu kabla ya kufurahi. Wa Tororo ajumlishe na nauli, asije akafuata nafuu ndogo kwa gharama kubwa. Penseli ya kawaida inatosha kabisa. Fedha iliyotumwa na mama anayeuza omena sokoni ni amana, na yeye aliituma kwa ajili ya masomo.

Mahali na wakati wake

Zungusha ukiwa peke yako, ukipumzisha mkono baada ya kuandika, au na wenzako nje ya darasa, kila mmoja akiwa mbali na uso wa mwenzake. Mbele ya mwalimu iweke mezani, isipokuwa unaandika. Wapo wanaosema mkono ukicheza akili hutulia. Anayeona hivyo ajipime kwa uadilifu: baada ya kipindi aeleze mambo matatu aliyofundishwa. Akishindwa, penseli ndiyo iliyosomeshwa. Wakati wa hotuba ya Ijumaa hakuna la kujipima, hadithi ya changarawe imeshafunga mlango.

Hitimisho

Ndugu msomaji, katika wahyi wa kwanza uliomshukia Mtume wetu imetajwa kalamu, na iko sura nzima yenye jina lake, ya 68 katika Msahafu. Chombo kilichopewa heshima hiyo hakikatazwi kutufurahisha kidogo, ila kisimuumize mtu na kisitupotezee elimu tuliyokinunulia. Leo kabla ya kulala chukua penseli yako, itazame ncha, itikise, ilaze kidoleni. Ukiona haifai, mpe mdogo wako aandikie, nawe utafute nyingine.

Mwenyezi Mungu atunufaishe kwa tuliyojifunza, na aijaalie mikono yetu iwe salama kwa watu. Amin.

Wabillahi tawfiq.