Inhela ya kahawia inafanya kazi wapi?

SWALI: Daktari, mwanangu wa miaka tisa ana pumu, kapewa inhela mbili. Ya bluu akivuta anapata nafuu palepale, ila ya kahawia sioni kazi yake. Wiki hizi yu mzima, niiache? Mama, Morogoro.

JIBU: Usiiache, mama. Ya bluu ni salbutamoli: inalegeza misuli iliyobana njia za hewa, na kazi yake inaishia hapo. Ya kahawia ni steroidi, nayo inakwenda hadi kwenye jeni.

Pumu ya watoto wengi ni ya mzio, na humo seli nyeupe ziitwazo seli T saidizi zina mkono mkubwa. Hutoa amri kwa kemikali ziitwazo saitokini. Mwaka 1986, Tim Mosmann na Robert Coffman, wakiwa Marekani, walionyesha, kwa seli za panya, kwamba seli T saidizi ziko za namna mbili. Za kwanza hutoa interferoni gama, silaha dhidi ya vijidudu kama vya kifua kikuu. Za pili hutoa interlukini 4, 5 na 13, na hizo ndizo zinazomletea mwanao uvimbe na makohozi.

Jeni ni zilezile katika seli zote hizo; tofauti ni zipi zinasomeka. DNA yenye jeni hizo imejiviringisha kwenye protini, na ilipobana sana jeni haisomeki. Katika seli za namna ya pili, protini iitwayo GATA3 husaidia kufungua kipande cha kromosomu ya 5 ambako jeni za interlukini hizo tatu zimekaa jirani. Seli ikigawanyika, watoto wake hurithi ufunguzi huo. Ndiyo maana vumbi la godoro leo linaamsha mzio wa miaka iliyopita.

Steroidi huzuia GATA3 isiingie kwenye kiini cha seli, jeni zikanyamaza. Hazifutiki, zinanyamaza tu. Ukiiacha, zitaanza upya. Na kwa kuwa uvimbe wa zamani hupungua polepole, nafuu huchukua siku kadhaa, hata wiki. (Yale maneno ya mtaani kwamba inhela inamzoesha mtoto, yapuuze.)

Kila akimaliza kuvuta asukutue na kutema, asije akapata fangasi mdomoni. Avutie kwenye spesa, yaani chombo kinachokaa kati ya inhela na mdomo. Ikikosekana, chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitako kwa kipimo cha mdomo wa inhela inatosha, kama utafiti wa Cape Town ulivyoonyesha mwaka 1999. Akihitaji ya bluu zaidi ya mara mbili kwa wiki, mrudishe kliniki.