PAKANGA NDANI YA CHUPA
Pombe kali za mitishamba zinazotengenezwa nyumbani



Katika nyumba nyingi, nyuma ya mlango wa kabati au chini ya kitanda cha babu, iko chupa moja isiyo na karatasi ya jina. Ndani yake imelowekwa mizizi, au magome, au majani makavu, na kilicholowekea si maji bali ni gongo. Ukiuliza utajibiwa haraka: "Hiyo si pombe, hiyo ni dawa." Ni dawa ya mgongo, ya tumbo, ya homa, ya baridi, ya nguvu za kiume. Mtu ambaye hawezi kuthubutu kuonekana kilabuni saa mbili asubuhi hunywa kijiko kimoja cha chupa ile, baada ya miezi kijiko huwa kikombe, na hakuna nyumbani anayemhesabu kuwa mlevi. Mwezi huu tuizungumzie chupa hiyo.

Jambo lenyewe si letu peke yetu. Wazungu walikuwa na chupa yao ya namna hii, ikawapeleka mbali, na kisa chake kinafaa kujulikana kwa sababu mmea uliotumika ni ndugu wa pakanga tunayoichuma milimani.

Dawa ya tumbo iliyovuka mpaka

Huko Uswisi, katika bonde la Val-de-Travers, kipo kijiji kiitwacho Couvet. Mwishoni mwa karne ya 18 watu wa pale walikuwa wakiuza maji makali ya kijani yaliyotengenezwa kwa pakanga ya Ulaya. Husimuliwa kwamba aliyeyapa sifa ni daktari Mfaransa, Pierre Ordinaire, aliyewapa wagonjwa wa tumbo. Wengine husema wanawake wa kijijini walikuwa nayo kabla yake, na mimi naona hilo ndilo la kuaminika zaidi, maana dawa za mitishamba mara nyingi huanzia jikoni. Mwaka 1797 kilianzishwa kiwanda hapo Couvet. Mwaka 1805 Henri-Louis Pernod akafungua kingine ng'ambo ya mpaka, mjini Pontarlier, Ufaransa. Kinywaji kikaitwa absinthi, kwa jina la Kilatini la mmea wenyewe. Msomaji wa Biblia anaukumbuka uchungu wa pakanga: katika Ufunuo, sura ya 8, iko nyota inayoitwa kwa jina hilo.

Absinthi hutengenezwa kwa kuloweka pakanga, mbegu za anisi na mbegu za shamari katika pombe kali, kisha yote hupitishwa kwenye mtambo, ichemke, na mvuke wake ugeuzwe tena kuwa maji. Harufu hupanda pamoja na mvuke. Uchungu mkubwa hubaki chini pamoja na makapi. Kinachotoka huwa na nguvu ya asilimia 45 hadi 74, wakati bia ya kawaida ina asilimia 5 hivi. Ndiyo sababu wanywaji waliimimina kidogo tu katika bilauri na kuijaza maji ya baridi, ikageuka nyeupe kama maziwa. Watu waliona ajabu, lakini ni mafuta ya anisi tu, ambayo hukubali kukaa katika pombe na hukataa kukaa katika maji.

Miaka ya 1840 askari wa Kifaransa waliopigana Algeria walipewa absinthi wachanganye na maji yao ya kunywa, wakiamini kwamba inazuia homa na kuhara. Walirudi kwao na mazoea. Baadaye wadudu walishambulia mizabibu ya Ufaransa, divai ikawa adimu na ghali, na absinthi ikawa ndiyo ya rahisi. Kilichoanza kwa kijiko cha mgonjwa kikawa kinywaji cha kila jioni, kwa tajiri na kwa kibarua.

Tarehe 28 Agosti 1905, huko Commugny, Uswisi, kibarua mmoja aitwaye Jean Lanfray alimpiga risasi mkewe aliyekuwa mjamzito, na watoto wao wawili wa kike. Habari ilipoenea, kila mtu alisema: ni absinthi. Kweli asubuhi ile alikuwa amekunywa bilauri mbili za absinthi. Lakini siku hiyohiyo alikuwa amekunywa pia divai nyingi mno, na pombe nyingine kali juu yake, kama ilivyokuwa desturi yake ya kila siku. Hayo hayakusemwa sana. Uswisi ilipiga kura mwaka 1908 na kuipiga marufuku absinthi kuanzia 1910. Marekani ikafuata mwaka 1912 na Ufaransa mwaka 1915. Wauza divai hawakusikitika.

Karibu miaka mia moja baadaye wataalamu walifungua chupa za zamani, zilizotengenezwa kabla ya marufuku, wakazipima. Sumu ya pakanga waliyoitazamia ilikuwemo kwa kiasi kidogo tu. Majibu yao, yaliyotolewa mwaka 2008, yalikuwa kwamba kilichowaharibu wale watu ni pombe yenyewe, tena pombe nyingi na kali. Viwanda vya bei rahisi navyo viliongeza madhara, maana wapo waliotia mrututu ili kinywaji kipate rangi ya kijani. Uswisi iliirudisha absinthi kisheria mwaka 2005, ikiwa na kipimo, na Ufaransa mwaka 2011.

Nimelieleza hili kwa kirefu kwa sababu nasi hufanya vilevile, ila kwa kugeuza. Wao waliulaumu mti wakaisahau pombe. Sisi tunausifu mti tukaisahau pombe.

Je, pakanga yenyewe haina neno?

Inalo. Pakanga ya Ulaya, na baadhi ya ndugu zake, ina kitu kiitwacho thujoni. Kikizidi mwilini huondoa breki ya ubongo, na mtu hupata degedege hata kama hajawahi kuugua kifafa. Mwenye kifafa asiguse kabisa. Mama mjamzito vilevile, kwa sababu mbili: mmea unaweza kuchokoza mfuko wa uzazi, na pombe hupita moja kwa moja kwa mtoto na kuweza kumharibu ubongo kabla hajazaliwa. Anayenyonyesha naye ajiepushe.

Hatari kubwa zaidi ni mafuta ya mmea yaliyokamuliwa, yale yanayouzwa katika vichupa vidogo. Mwaka 1997 madaktari wa Marekani waliandika habari za kijana aliyenunua mafuta ya pakanga akidhani ndiyo absinthi, akanywa takribani mililita 10, yaani vijiko viwili vya chai. Alipata degedege, misuli ikaoza ndani kwa ndani, na figo zikashindwa kazi. Kichupa hicho ni cha kupaka au kunusa. Si cha kunywa, wala si cha kutia katika pombe.

Na wale wanaoloweka pakanga kwa ajili ya malaria? Hapa yako maneno mawili yanayochanganywa. Ni kweli kwamba dawa ya malaria tunayopewa zahanati, ile ya mseto, chanzo chake ni mmea wa jamii hii. Mwanasayansi wa China, mama Tu Youyou, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Lakini mmea ule ni pakanga ya Kichina, si hii ya milimani kwetu wala ile ya absinthi. Hata huo wa Kichina, Shirika la Afya Duniani halikubali utumike kwa chai au kwa kuloweka, kwa kuwa kipimo hakijulikani: homa hushuka, vimelea hubaki, na wale wanaobaki ndio wanaojifunza kuishinda dawa. Mtoto mwenye homa apimwe damu. Chupa ya babu isimkaribie.

Gongo lililolowekea

Sasa tuje kwenye maji yenyewe, maana hapa ndipo watu wanapofia.

Tanzania tunaita gongo, Kenya chang'aa, Uganda waragi, Rwanda na Burundi kanyanga, Kongo lotoko. Njia ni moja: pombe ya nafaka, ndizi, mabibo au sukari huchemshwa katika pipa, mvuke ukapita katika bomba lililozamishwa kwenye maji baridi, ukatoka matone. Pombe inayolevya huitwa kitaalamu ethanoli. Anaye ndugu anayefanana naye kwa sura na harufu, aitwaye methanoli. Huyu hutokea kidogo katika uchachu wa kawaida, na zaidi kidogo pale matunda na maganda yanapotumika. Lakini vifo vya watu wengi kwa mara moja kwa kawaida havitokani na uchachu. Hutokana na muuzaji anayeongeza methanoli ya viwandani, ile ya kuyeyushia rangi na kusafishia vyombo, ili gongo lake liwe kali na gharama ipungue.

Novemba 2000, katika mitaa ya maskini ya Nairobi, pombe iliyoitwa kumi kumi iliua zaidi ya watu 100, na wengi waliobaki wakawa vipofu. Mei 2014 msiba wa namna hiyo uliikumba Kenya tena, katika kaunti kadhaa kwa siku zilezile. Februari 2024 ukatokea Kirinyaga. Uganda nayo ilizika makumi ya watu mwaka 2010.

Methanoli yenyewe haiumizi mara moja. Ini ndilo linaloigeuza kuwa asidi ya fomiki, na asidi hiyo huushambulia mshipa wa macho. Kwa hiyo mtu hunywa jioni, hulala vizuri, na taabu huanza baada ya saa 12 hadi 24. Kama alikunywa na pombe ya kawaida, huchelewa zaidi. Kichwa kinauma, tumbo linakata, anatapika, anahema kwa haraka, kisha anasema: "Mbona kuna ukungu?" au "Washeni taa," wakati taa inawaka. Mililita 10 zinaweza kupofusha, na 30 zinaweza kuua.

Wapo wanaojiamini kwamba wanajua kupima. Huwasha kiberiti: moto ukiwa wa bluu, gongo ni safi. Si kweli, methanoli nayo huwaka bluu, tena hafifu. Wapo wapikaji wanaomwaga matone ya kwanza, wakiamini sumu yote imetoka. Inapungua, lakini haitoki yote, kwa sababu huchanganyika na kushuka pamoja na pombe hadi mwisho. Wala mizizi uliyoloweka haiondoi kitu. Inaficha ladha tu.

Vyombo navyo vina yake. Pipa lililokuwa na dawa ya mimea haliishi sumu kwa kusuguliwa mchanga. Rejeta ya gari, ambayo wengine huitumia badala ya bomba, imeungwa kwa lehemu yenye risasi, na risasi hudhuru damu, figo na akili za watoto. Na mvuke wa pombe ukivuja karibu na kuni hushika moto mara moja. Vidonda vya moto huo huwapata zaidi akina mama, kwa kuwa mara nyingi ndio wanaokaa kwenye mtambo.

Kuhusu sheria niseme kwa kifupi: Tanzania ina sheria ya mwaka 1966 inayokataza kupika gongo bila leseni, na sheria ya Kenya ya 2010 iliruhusu chang'aa iliyo katika chupa na yenye leseni, si ile ya uani.

Wengine watauliza: mbona watawa wa Ulaya wanatengeneza? Ni kweli. Wamonaki Wakartusi wa milima ya Chartreuse, Ufaransa, wana kinywaji chao cha mimea 130, kilichoanza kama dawa, na mauzo yake husaidia kuendesha monasteri zao. Lakini kinapimwa na kutozwa kodi, na nguvu yake imeandikwa kwenye chupa: asilimia 55 kwa kile cha kijani. Bado ni pombe. Hakuna daktari leo atakayekuandikia hiyo kwa ajili ya mgongo.

Mtu akiwa ameshakunywa

Dalili nilizotaja zikimpata mtu aliyekunywa gongo jana au juzi, msisubiri "alale itoke". Mpelekeni hospitali, si dukani kwa dawa, na mchukue chupa iliyobaki ili mganga aione. Msimpe maziwa, mafuta wala chumvi, msimtapishe. Kama hana fahamu, mlazeni ubavu ili matapishi yasimzibe. Mwambieni mganga saa aliyokunywa. Hospitalini ipo dawa ya kulizuia ini lisiigeuze ile methanoli, na katika hospitali kubwa damu husafishwa kwa mashine. Vyote hivyo vinafaa mapema kuliko baadaye. Waiteni na wenzake waliokunywa pamoja naye, hata kama wanasema ni wazima.

Anayetumia dawa za kifua kikuu, za kisukari, za kifafa au za usingizi amweleze mganga habari za chupa ya mizizi, bila kuona haya. Metronidazole, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Flagyl, ikikutana na pombe huweza kumfanya mtu atapike na moyo kumwenda mbio. Panadol kwa mtu anayekunywa kila siku inaweza kuliumiza ini.

Na kama babu amekuwa akinywa kikombe kila asubuhi kwa miaka, msiimwage chupa ghafla kwa hasira. Mwili uliozoea pombe kali ukinyimwa mara moja huweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo, hata kupata degedege siku ya pili au ya tatu. Nendeni naye kwanza kituo cha afya, mseme ukweli wa kiasi anachokunywa, ili apunguziwe au apewe dawa akiwa chini ya uangalizi. Maumivu ya mgongo yaliyomfanya aanze nayo yapimwe siku hiyohiyo.