Hisabati: Fungu la Kumi

Mtoto anayemsaidia mama yake kuuza nyanya soko la Mwanjelwa hurudisha chenji bila kalamu. Fungu ni shilingi 300, amepewa 500: "mia nne, mia tano," anarudisha 200. Darasani mtoto huyohuyo akiandikiwa 52 − 27 hujibu 35. Ameona 7 haitoki katika 2, basi akageuza, akatoa 2 katika 7. Hajaelewa bado kwamba ile 5 ni makumi.

Tumpe vijiti kwanza. Afunge mafungu matano ya kumikumi, vibaki viwili pembeni. Ili atoe 27 lazima afungue fungu moja. Sasa ana mafungu manne na vijiti 12. Anatoa saba, vinabaki vitano. Anatoa mafungu mawili, yanabaki mawili. Ni 25. Ndipo aandike.

Kwenye darasa lenye watoto wengi, mwalimu peke yake hawezi kukusanya vijiti vya kuwatosha wote. Kamati za parokia zinaweza: vijiti, vizibo vya soda, punje za mahindi, havinunuliwi. Sisi na wafadhili wetu tumezoea kuuliza madawati mangapi yameongezeka. Tukitembelea shule, tuombe pia daftari la darasa la III, ukurasa wa kutoa.