Mafunzo Niliyopata: Wafugaji Tulipokwenda Likizo Visiwani

Dada yangu ameolewa Tarime, mimi nimebaki Mugumu, wilayani Serengeti. Katikati yetu unapita Mto Mara. Tumekua tukiona ng'ombe wakinywa maji yale, lakini hatukuwahi kuyafuata yanakokwenda. Desemba iliyopita tukayafuata. Yeye alipanda basi linalopita daraja la Kirumi, mimi nikapitia Nata, tukakutana Bunda tukiwa na watoto watano, mkungu wa ndizi na kilo kumi za unga wa ulezi. Tulikuwa tunakwenda kisiwa cha Ukerewe, kisha kile cha Ukara.

1. Ziwa ni letu pia

Kivuko cha kutoka Kisorya, ambako bado ni Mkoa wa Mara, hakichukui hata saa moja kufika Rugezi, na hapo umeshaingia Mkoa wa Mwanza. Mtoto wa dada aliinama ukingoni akauliza, "Mjomba, maji yetu ni yapi hapa?" Mto Mara humwaga maji yake kwenye ghuba iliyo karibu na Musoma, kwa hiyo swali lake lilikuwa la haki. Dada akamjibu, "Yote, mura." Nimeishi miaka arobaini nikidhani ziwa ni la wavuvi na sisi ni watu wa nyika. Sijui nani alinifundisha hivyo.

2. Uliza mwezi kabla ya kuuliza bei

Tulitamani dagaa wabichi. Tulipofika mwaloni asubuhi tukakuta mitumbwi imepandishwa mchangani na vijana wanashona nyavu. Mwezi ulikuwa mpevu. Dagaa huvutwa na mwanga wa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka ziwa zima, taa ya mvuvi haina kazi. Kwa hiyo wavuvi wa dagaa hupumzika siku hizo, na akina baba hushinda nyumbani. Tulikula sato, na vijana wale wakapata muda wa kuwafundisha watoto wetu kupiga kasia. Dagaa wanaouzwa kwa sado sokoni Mugumu nilikuwa nawanunua miaka yote bila kujua kwamba wanahesabiwa kwa mwezi.

3. Lugha haifuati barabara

Nilitegemea Kikerewe kitafanana na Kijita tunachokisikia Musoma. Sivyo. Kikerewe ni ndugu wa Kihaya, lugha ya ng'ambo ya magharibi kabisa. Kikara, kinachosemwa Ukara, kisiwa kidogo kilicho mbele zaidi, ndicho kilicho karibu na Kijita, na hata na Kikurya chetu kina undugu wa mbali. Zamani watu walifuata maji, na maji yaliwaunganisha kuliko nchi kavu.

Ukerewe ndiko nyumbani kwa mwandishi Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896. Alimaliza riwaya yake kubwa kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, nayo ikachapishwa 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Miaka thelathini na mitano ya kungoja kitabu! Nilisimama mjini Nansio nikamwonea uchungu kama mzee wa nyumbani kwetu.

4. Bwisya, vua kofia

Kivuko cha Ukara hutoka Bugolora na kutia nanga Bwisya. Karibu na hapo, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka, wakafa watu zaidi ya 220. Baadhi yao wamezikwa palepale. Watoto waliokuwa wakiimba tangu Bugolora walinyamaza wenyewe walipoyaona makaburi.

5. Jiwe lina wenyewe

Ukara kuna Nyaburebeka, jiwe linalocheza. Ni jabali kubwa lililokaa juu ya miamba mingine. Mwanangu alitaka kulikimbilia, mzee mwenyeji akamshika bega: kwanza salamu, kisha wimbo, ndipo ngoma ya jiwe. Liliyumba kweli. Nilifurahi zaidi kuona mtoto wangu amejifunza kubisha hodi.

6. Ng'ombe anaweza kulala shimoni

Hili ndilo lililoninyima usingizi. Mama aliyetupokea Ukara alipokea unga wetu wa ulezi, akatupa machungwa, kisha akaniuliza, "Mwanangu, ng'ombe wako wanalala wapi?" Nikamwambia zizini, usiku mchungaji huwalinda na mwizi. "Na mavi yao?" Nikakosa jibu la maana.

Akanionyesha. Ng'ombe wake wawili wanakaa ndani, kwenye shimo lililochimbwa sakafuni. Majani huletwa kichwani, yanayobaki huwa malalo, samadi inapanda siku hadi siku hadi shimo linajaa, kisha inabebwa shambani, kikapu kwa kikapu. Katikati ya uwele hupandwa marejea, nayo hufukiwa ardhini iwe mbolea. Kisiwa hakina nafasi ya kumwacha mnyama azurure, wala shamba la kupumzika. Watu ni wengi, ardhi ni ya kichanga, na wamelima hivyo tangu mababu. Kando ya vijito nyasi za ng'ombe hupandwa kama zao, na mti una mwenyewe anayejulikana.

Sisi tunahesabu ng'ombe kwa vichwa. Yule mama alihesabu kwa vikapu, na wawili wake walikuwa wanalisha shamba zaidi kuliko ishirini wangu.

Januari nimechimba shimo, futi tatu kwenda chini, nikaliezekea. Ndama wawili wameshaingia. Dada amepiga simu kutoka Tarime kuuliza mbegu ya marejea inapatikana wapi.